Kura ya kijiji na hesabu za wakubwa: uchaguzi wa katikati kwetu ni upi?

Tangu taarifa zetu za habari zianze kuutaja uchaguzi wa Marekani wa Novemba 3 mwaka huu, wasikilizaji wametuandikia kutoka Mkuyuni, Mvuha hadi Mgeta wakitaka ufafanuzi. Wengi wanauliza inakuwaje watu wapige kura ilhali rais wao hajamaliza muda. Wachache wakauliza swali ambalo sisi tumeliona zito zaidi: je, na sisi Tanzania tunao uchaguzi wa namna hiyo?

Tuanze na hao Wamarekani, kwa haraka. Rais wao anakaa miaka minne, lakini wabunge wote 435 wa Baraza la Wawakilishi wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, pamoja na theluthi moja hivi ya maseneta. Kwa hiyo rais akifika katikati ya safari, nchi nzima inapata nafasi ya kumwambia inavyomwona, ingawa jina lake halimo kwenye karatasi ya kura. Mara nyingi inamwambia vibaya. Tangu Vita Kuu ya Pili iishe, chama cha rais kimeongeza viti katika Baraza hilo mara mbili tu kwenye uchaguzi wa namna hii, mwaka 1998 na mwaka 2002. Mwaka 2010 chama cha Barack Obama kilipoteza viti 63, na wengi wakamwona amekwisha, lakini 2012 alirudi Ikulu. Chama cha Donald Trump nacho kilipoteza viti 40 hivi mwaka 2018, na 2020 Trump mwenyewe akashindwa. Kura ya katikati haiamui nani atakuwa rais. Inabadilisha wanachokitarajia watu: nani ajitokeze kugombea, nani atoe fedha, nani aanze kuhama meli, nani aongeze ahadi.

Sasa sisi. Kwa jina hatunao. Kwa kazi tunao wa aina mbili. Upo uchaguzi mdogo, unaofanyika mbunge au diwani akifariki, akijiuzulu au akipoteza sifa. Na upo uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na wa mtaa, pamoja na wajumbe wao, ambao kwa miaka mingi sasa umekuwa ukifanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2009 kabla ya 2010, 2014 kabla ya 2015, 2019 kabla ya 2020, 2024 kabla ya 2025. Huo wa pili hauko katikati hasa, uko karibu na mwisho. Lakini ndiyo mara pekee ambayo Watanzania Bara wote wanapiga kura kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na vyama vyote huusoma kama mizani.

Wakulima wa Mgeta wanajua mizani inavyoweza kubadilisha mazungumzo. Bila mizani mnabishana juu ya lumbesa, kila mtu na macho yake. Ikiletwa mizani inayofanya kazi, mabishano yanahama kutoka kwenye uzito kwenda kwenye bei.

Walipotuchagulia wengine njia

Mfano wa kwanza wa jambo hili hapa kwetu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani, na ulipita Morogoro hii hii. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 katika majimbo makubwa matano, na Februari 1959 katika yaliyobaki. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili upige kura ulihitaji kipato, elimu au wadhifa fulani. TANU ilikaribia kuususa. Mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa mkali, na waliotaka kususa walikuwa wengi. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha African National Congress.

Mwalimu mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro na Uluguru zilikuwa ndani yake. Mpinzani wake hakuwa Mwingereza. Alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru aliyetoka katika uongozi wa jadi, na mmoja wa waliokuwepo TANU ilipoanzishwa Julai 1954. Mtu wa hapa dhidi ya mtu kutoka Butiama, katika eneo la mtu wa hapa. Mwalimu alipata kura 2,628, Kunambi 802. Idadi inaonekana ndogo kwa sababu wenye sifa ya kupiga kura walikuwa wachache.

Miaka mitatu kabla, Julai 1955, Waluguru wa upande wa Matombo walikuwa wameinuka dhidi ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mtu mmoja aliuawa. Mpango ule wa matuta ukaachwa. Imani ya watu kwa uongozi wa jadi uliokuwa ukisukuma amri zile iliondoka nao. Kwa hiyo matokeo ya 1958 hayakutoka mawinguni. Lakini kabla ya kura kuhesabiwa, serikali ya kikoloni na chama cha UTP, kilichopendwa na Gavana Twining, bado walikuwa na matumaini kwamba TANU ina kelele kuliko watu. Wagombea waliosimama kwa ridhaa ya TANU walishinda awamu ile ya kwanza. Ilipofika awamu ya pili mwezi Februari, katika viti vingi hakukuwa na wa kushindana nao. UTP ilivunjika moyo na baadaye ikajifia. Nusu ya kwanza ya uchaguzi iliamua nusu ya pili, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuona.

Tumesimama hapo kwa muda kwa sababu tunataka msikilizaji akumbuke kwamba matokeo ya katikati yana nguvu pale tu yanapoweza kushangaza. Usiku wa kuamkia matokeo ya Septemba 1958, serikali ya kikoloni haikuwa na uhakika. Wala Mwalimu.

Desemba 2014

Turuke hadi enzi ya vyama vingi. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alichaguliwa kwa asilimia 80. Uchaguzi wa vijiji na mitaa wa Oktoba 2009 ukaipa CCM zaidi ya asilimia 90 ya nafasi. Ungetazama hiyo peke yake ungesema hali ni shwari. Mwaka mmoja baadaye Kikwete alirudi kwa asilimia zinazozidi 60 kidogo. Waliokwenda kupiga kura hawakufika nusu ya waliojiandikisha.

Kwa nini mizani ilikosea? Maelezo yetu ni ya kawaida tu. Kura ya kijiji inadai mtu wa kusimama. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Chama kisicho na mtu wa kugombea katika kitongoji hakipati hata kura moja pale, hata kama nusu ya kaya zinakipenda. Kwenye kura ya urais kila chama chenye mgombea kina jina lake katika kila kituo. Kwa hiyo matokeo ya vijiji yanapima kwanza mizizi ya chama, halafu ndiyo mapenzi ya watu. Hilo halijabadilika hadi leo, na milima yetu inalionyesha vizuri. Kupanda na kushuka kutoka Kibungo Juu hadi Tegetero kutafuta mgombea wa kila kitongoji ni kazi ya miguu na nauli, na chama chenye balozi katika kila nyumba kumi kimekwisha kufika kabla hujaanza safari.

Kisha ikaja Desemba 14, 2014. Oktoba mwaka ule CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa wametia saini makubaliano ya kushirikiana kwa jina la UKAWA, yaliyozaliwa ndani ya mvutano wa Bunge la Katiba. Walianza kuachiana maeneo. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na vurugu za maandalizi: karatasi zilikosekana au zilikosewa majina, baadhi ya maeneo yakarudia, na wakurugenzi kadhaa wa halmashauri wakavuliwa nafasi zao. Hata hivyo picha ilitoka. Kwa hesabu za TAMISEMI, CCM ilibaki na vijiji vinane hivi kati ya kila kumi. Mitaani, yaani mijini, ilishuka hadi karibu theluthi mbili.

Asilimia 80 ni ushindi mkubwa kwa nchi yoyote. Lakini wanasiasa hawakuisoma hivyo. Waliilinganisha na zile 90 na kitu za 2009, na hapo ndipo matarajio yalipogeuka. Upinzani ulipata kitu ambacho hotuba haiwezi kuleta: wenyeviti wa vijiji na mitaa wenye mihuri, watu wa kukaa kituoni kulinda kura. Wenye fedha walioona aibu kuonekana na upinzani waliacha kuona aibu. Julai 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikatwa jina ndani ya CCM, na kabla mwezi haujaisha akahamia CHADEMA. Tunaamini, na haya ni maoni yetu, kwamba bila Desemba 2014 asingepata sababu ya kufanya hesabu ile. CCM nayo ilisoma ujumbe. Ilimsimamisha John Magufuli, mtu asiye wa makundi makubwa yaliyokuwa yakivutana, na kampeni yake iliuza zaidi jina la mtu na kazi kuliko jina la chama.

Oktoba 25, 2015 Magufuli alishinda kwa asilimia 58, Lowassa akapata karibu 40. Hapa mkoani, majimbo matatu kati ya 11 yalikwenda CHADEMA: Kilombero kwa Peter Lijualikali, Mlimba kwa Susan Kiwanga, na Mikumi kwa Joseph Haule, ambaye wengi wenu mlimjua kwanza kama Profesa Jay. Miaka mitano nyuma CHADEMA haikuwa na hata jimbo moja Morogoro.

Milima haikubadilika mwaka ule. Bonde la Kilombero na barabara kuu ya Mikumi vilibadilika, Uluguru ikabaki na CCM. Wapo wanaosema ni utii, wapo wanaosema ni woga. Sisi tunarudi kwenye ile hoja ya mizizi: Ruaha, Kidatu, Ifakara na Mikumi zina wafanyakazi wa viwanda vya sukari, wasafirishaji na wageni waliokuja kutafuta mashamba, watu ambao chama kipya kinawapata wamekusanyika mahali pamoja.

Matarajio yakishavuka mto

Matokeo yakibadilisha matarajio, ya wapiga kura nayo hupanda, na hapo ndipo wengi huumia. Watu wa Kilombero walitarajia kwamba mbunge mpya ataleta halmashauri mpya. Kumbe kiti cha mwenyekiti wa halmashauri kina uchaguzi wake, na uchaguzi ule uliishia kwenye vurugu na mahakamani. Januari 2017 Lijualikali alihukumiwa kifungo cha miezi sita kutokana na vurugu zile. Mwezi Machi Mahakama Kuu ikamwachia huru. Wakati huo mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, isipokuwa mbunge ndani ya jimbo lake.

Zikaja chaguzi ndogo. Novemba 26, 2017 kata 43 nchini zilichagua madiwani, ikiwemo Sofi kule Malinyi, na CCM ikachukua 42. Februari 2018 ilikuwa zamu ya majimbo ya Kinondoni na Siha. Waliokuwa wabunge wa upinzani katika majimbo hayo walikuwa wamejiuzulu na kujiunga na CCM, na wote wawili wakarudi bungeni kwa tiketi ya chama kipya. Mnakumbuka msemo wa miaka ile: "kuunga mkono juhudi". Kila aliyehama alitoa sababu zake, lakini kuhama kuna hesabu. Mtu anahama pale anapoona matokeo ya karibu yanaashiria mlango gani utafunguka na upi utafungwa. Mwaka 2015 hesabu zilikuwa zimewapeleka watu upande mmoja, 2018 zikawarudisha. Mwaka 2020 Lijualikali mwenyewe alijiunga na CCM.

Jirani zetu Kenya wametupa mfano wa karibuni. Novemba 27, 2025 walifanya chaguzi ndogo siku moja katika majimbo kadhaa, na viongozi wa upinzani walizitangaza kama kipimo cha Rais Ruto kabla ya 2027. Wagombea wa upande wa serikali walishinda kule kulikotazamwa zaidi, Malava na Mbeere Kaskazini. Lakini Mbeere Kaskazini tofauti ilikuwa kura mia chache tu. Kwa hiyo kila upande ulitoka na somo lake, na watu waliendelea kubishana kwa wiki nzima juu ya maana ya namba zile. Tunawaonea wivu kidogo kwa jambo hilo moja: namba zao zilibishaniwa maana.

Asilimia 99

Novemba 24, 2019 vyama vikubwa vya upinzani havikuwemo. CHADEMA ilijitoa mwanzoni mwa mwezi baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa katika hatua ya fomu, kwa makosa ambayo chama hicho kiliyaita ya kutafutwa, huku TAMISEMI ikisema kanuni zimefuatwa. Vingine vikafuata. Katika sehemu kubwa ya nchi mgombea wa CCM alipita bila kupingwa, na Waziri wa TAMISEMI wa wakati ule, Selemani Jafo, akatangaza ushindi wa asilimia 99.9.

Namba hiyo iliwaambia nini wanasiasa? Kwamba upinzani hauna mawakala wa kijiji mwaka unaokuja, hilo ndilo la kwanza. Lakini haikuwaambia lolote kuhusu watu wanataka nini. Mwaka 2020 wagombea ubunge zaidi ya 20 wa CCM nao walipita bila kupingwa. Mmoja wao alikuwa wa Morogoro Kusini Mashariki, jimbo la Kinole na Mkuyuni. Watu wa huko walikwenda Oktoba 28 wakichagua rais, na diwani kama alikuwa na mpinzani, bila karatasi ya mbunge. Magufuli alipata asilimia 84. Majimbo yote matatu ya CHADEMA mkoani yalirudi CCM. Na waliopiga kura nchi nzima walikuwa nusu hivi ya waliojiandikisha, kutoka theluthi mbili mwaka 2015. Sababu za kushuka ni nyingi, lakini mwenye shamba la kupalilia mvua zikianza ana sababu ya kubaki shambani kama jibu limekwisha kusomwa.

Novemba 27, 2024 ilitangulizwa na matumaini ya aina nyingine. Mikutano ya hadhara ilikuwa imeruhusiwa tena tangu Januari 2023. Watu zaidi ya milioni 31 walijiandikisha kwenye vitongoji na mitaa kati ya Oktoba 11 na 20. Vyama vilishiriki. Lakini malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, CHADEMA ikasema wanachama wake waliuawa, na matokeo aliyoyatangaza Waziri Mohamed Mchengerwa yakawa yale yale kwa sura nyingine: CCM zaidi ya asilimia 98 katika vitongoji, vijiji na mitaa.

Tazama yaliyofuata ndani ya miezi mitano. Januari 2025 CHADEMA ilimchagua Tundu Lissu kuwa mwenyekiti, akimshinda Freeman Mbowe kwa kura chache, na chama kikashika msimamo kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Kilichokuwa kikipimwa katika ukumbi ule ni kama kuna faida ya kuendelea kuingia katika chaguzi za namna ile ya Novemba. Ni swali lile lile la Tabora 1958, safari hii likapata jibu tofauti. Aprili Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye Tume ikasema CHADEMA haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa kushinda kwa asilimia 97.66. Siku ile na zilizofuata zilikuwa za maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam na intaneti kuzimwa. Rais alitoa pole bungeni mwezi Novemba na kuunda tume ya uchunguzi.

Sisi hatusemi 2024 ilisababisha 2025. Tunasema Novemba 2024 ilikuwa nafasi ya kila mtu, pamoja na chama tawala, kujua watu wako wapi, na namba zilizotoka hazikumwambia yeyote. Mshindi wa asilimia 80 anajua ni wapi amepungukiwa na anaweza kwenda kuzungumza na watu wa huko. Mshindi wa 98 anatafutia wapi?

Ushindani umehamia wapi

Haujafa. Umehamia ndani. Ukitaka kujua nani anapanda na nani anashuka milimani kwetu leo, tazama kura za maoni za CCM. Mwaka 2020 mbunge wa Morogoro Kusini Mashariki aliyekuwa pia Naibu Waziri wa Kilimo hakurudi kugombea, akasimama Hamisi Taletale, maarufu Babu Tale. Mkulima wa Kinole ambaye si mwanachama hakuwa na sauti katika hatua ile, na ile ndiyo iliyokuwa na ushindani wa kweli. Mwaka ule ule ndipo utani wa "wajumbe si watu" ulipoenea nchi nzima, kutoka kwa watia nia walioahidiwa kura na wajumbe wale wale waliomwahidi kila mtu. Mwaka 2025 chama kilipanua idadi ya wapiga kura wa maoni, ili iwe vigumu kuwahonga wote. Ni hatua. Bado lakini ni mizani ya chama kimoja, na mkoa una watu wa vyama vingine na wengi zaidi wasio na chama.

Matokeo ya hilo yanashuka hadi kijijini. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anajua aliyempitisha ni nani: tawi na kata, si mkutano wa kijiji. Na huyu ndiye mtu wa muhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji, ya wajumbe 15 hadi 25, mamlaka ya kusimamia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila haipatikani bila yeye. Kwa Waluguru, ambao shamba linafuata ukoo wa mama, mgogoro wa mpwa na mtoto juu ya migomba ya Kinole unaanzia kwa wazee na mara nyingi unaishia mezani kwake. Barua ya kijana kwenda benki, kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mpaka na Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ng'ombe walioingia mpunga kule Mvomero: vyote vinapita hapo. Mwenyekiti anayeogopa kushindwa mwaka 2029 na mwenyekiti asiye na cha kuogopa hawatasikiliza malalamiko kwa namna moja. Tumewahi kupokea simu nyingi za aina hii katika vipindi vyetu, na mpigaji karibu kila mara anauliza afanyeje kabla muda wa mtu huyo haujaisha.

Kisheria ipo njia. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, awe na chama au hana, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yakisomwa mbele ya watu. Pale unapoitishwa kweli, ndio uchaguzi wa katikati wa karibu kuliko wote. Mwenyekiti anaona nani kaja, nani kanyamaza, nani kauliza kuhusu tofali za zahanati. Wagombea wa 2029, wa chama chochote, wanaonekana hapo kwanza, wakiuliza maswali hayo.

Kabla ya hapo tutakuwa na chaguzi ndogo za udiwani na ubunge pale nafasi zitakapoachwa wazi. Tunawashauri mzitazame kwa mambo mawili kuliko jina la mshindi: wagombea wangapi walirudisha fomu na kubaki kwenye karatasi, na watu wangapi kati ya waliojiandikisha walikwenda kituoni. Tutakuwa tukiwasomea namba hizo mbili kila uchaguzi mdogo utakapofanyika mkoani.

Na kwa wale waliouliza kama kadi zao zitatumika kwenye uchaguzi wa kijiji: kadi ya mpiga kura inatoka kwenye Daftari la Kudumu la Tume, la kuchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa kijiji una orodha yake, inayoandikwa upya kitongojini kila mara. Jina lako la Oktoba 2024 halitabebwa kwenda 2029. Utajiandikisha tena, na mwaka 2024 dirisha lilikuwa wazi kwa siku kumi tu.